Mifuko ya hisa: Kampuni kubwa na ndogo hazipimwi kwa mizani moja

Wiki hii tunaziacha bei za soko zipumzike kidogo, turudi darasani. Somo letu ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayonunua hisa, na tutalichukua kutoka Marekani kwa sababu huko mifuko hiyo ni mingi kiasi cha kupangwa kwa mafungu, na takwimu zake ni za miaka mingi. Wapo pia wasomaji wetu wenye ndugu huko wanaokatwa mishahara kila mwezi kuichangia.

Mwekezaji mgeni akifungua jedwali la mifuko hukuta imepangwa kwa faida ya mwaka uliopita, wa kwanza juu na wa mwisho chini. Mkono unakwenda wenyewe kwa ule wa juu. Tatizo ni kwamba jedwali limechanganya mifuko inayonunua kampuni kubwa na ile inayonunua kampuni ndogo, na hizi ni biashara mbili tofauti, sawa na kumlinganisha mwenye ghala la jumla na mwenye genge la nyanya kwa mauzo ya wiki moja.

Kwanza tuelewane ukubwa ni nini. Ukubwa wa kampuni katika soko la hisa haupimwi kwa majengo wala idadi ya wafanyakazi. Chukua bei ya hisa moja, zidisha kwa idadi ya hisa zote. Kampuni yenye hisa milioni 50 zinazouzwa Sh 400 kila moja ina thamani ya Sh bilioni 20. Wengi hukosea hapa kwa kudhani hisa ya bei ndogo ni ya kampuni ndogo. Wakati Safaricom ya Kenya ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, bei ilikuwa Sh 5 za Kenya tu, lakini hisa zake zote zilikuwa bilioni 40. Piga hesabu: Sh bilioni 200 za Kenya. Hiyo si kampuni ndogo kwa kipimo chochote cha Afrika Mashariki.

Wamarekani wana mafungu matatu: kampuni kubwa, za kati na ndogo. Morningstar, kampuni inayochambua mifuko, hupanga kampuni zote kuanzia iliyo kubwa kuliko zote kushuka chini. Zile zinazofikisha asilimia 70 ya thamani ya soko zima huitwa kubwa, asilimia 20 zinazofuata ni za kati, na asilimia 10 za mwisho ni ndogo. Kwa hiyo kampuni ndogo ni nyingi sana kwa idadi, lakini zote pamoja ni kipande chembamba cha soko. Mizani inayotumika zaidi kwa kampuni kubwa ni fahirisi ya Standard & Poor's 500, na kwa ndogo ni Russell 2000, iliyoanzishwa mwaka 1984.

Sasa tuone jedwali linavyoponza. Mwaka 1998 fahirisi ya kampuni kubwa ilipanda kwa asilimia 28.6, gawio likiwemo. Ile ya kampuni ndogo ilishuka kwa asilimia 2.5. Mwekezaji aliyesoma jedwali Januari 1999 alikuwa na kila sababu ya kukimbilia mifuko ya kampuni kubwa, na wengi walifanya hivyo. Mwaka 1999 hakujuta: kubwa asilimia 21.0, ndogo 21.3, karibu sare. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2000 kampuni kubwa zilishuka kwa asilimia 9.1 na ndogo kwa 3.0. Mwaka 2001 kubwa zilishuka tena kwa asilimia 11.9, lakini ndogo zilipanda kwa 2.5. Mwaka 2002 zote ziliangushwa, kubwa asilimia 22.1 na ndogo 20.5.

Tufanye hesabu ya dola 100 zilizowekwa mwanzoni mwa 1999, bila kutoa ada. Mwishoni mwa 2002, zile za kampuni kubwa zilikuwa zimebaki dola 75 na senti 50 hivi. Zile za kampuni ndogo, zilizokuwa mkiani mwa jedwali, zilikuwa dola 96. Mwaka 2003 kubwa zilipanda kwa asilimia 28.7 na ndogo kwa 47.3. Wa kwanza akafika dola 97, bado hajarudisha mtaji wake. Wa pili akafika dola 141. Na huyo wa kwanza ni yule aliyekuwa na moyo wa kuvumilia. Aliyekata tamaa mwishoni mwa 2002 akauza, aliondoka na robo tatu ya fedha zake.

Msomaji asije akakimbilia upande wa pili akadhani tunasema kampuni ndogo ndiyo dawa. Imani hiyo nayo ina historia yake. Mwaka 1981 mtafiti Rolf Banz alichapisha uchunguzi wa soko la New York wa miaka 1936 hadi 1975, akaonyesha kwamba hisa za kampuni ndogo zililipa zaidi ya kubwa, hata baada ya kuhesabu hatari yake. Mwaka huohuo ilianzishwa Dimensional Fund Advisors, kampuni iliyoanza na mfuko wa kampuni ndogo. Lakini kuanzia katikati ya muongo huo hadi 1990 kampuni ndogo ziliburuta mkia. Kisha mwaka 1997 mtafiti mwingine, Tyler Shumway, alionyesha kasoro katika kumbukumbu zilizokuwa zikitumika: hasara ya mwisho ya kampuni nyingi zilizofutwa sokoni kwa kufanya vibaya haikuwa imeandikwa. Na zinazofutwa mara nyingi ni ndogo. Ni kama kuhesabu faida ya uvuvi kwa kuwauliza waliorudi pwani tu.

Miaka ya karibuni imewaadhibu waliobaki na imani hiyo. Mwaka 2023 kampuni kubwa zilipanda kwa asilimia 26.3, ndogo 16.9. Mwaka 2024 kubwa asilimia 25.0, ndogo 11.5. Dola 100 zikawa 158 upande mmoja na 130 upande wa pili. Hata hapo kuna la kuangalia: mwishoni mwa 2024 kampuni saba tu, zikiwemo Apple, Microsoft na Nvidia, zilibeba karibu theluthi moja ya fahirisi yenye kampuni 500. Anayesema amenunua kampuni 500 ajue sehemu kubwa ya fedha zake imelala kwenye chache.

Kwa nini zinatofautiana hivi? Kampuni ndogo mara nyingi inategemea wateja wachache, bidhaa moja au mbili, na mkopo wa benki ambao riba yake ikipanda faida inakauka. Mauzo yake mengi ni ya nchini, wakati kampuni kubwa ya Marekani huuza dunia nzima. Jambo jingine, ambalo wachuuzi wa sokoni watalielewa haraka kuliko maprofesa, ni kwamba hisa zake zina wanunuzi wachache. Ukitaka kuuza magunia mia mahali penye wanunuzi watatu, bei utaivunja mwenyewe kabla hujafika gunia la ishirini. Tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana, na meneja wa mfuko anailipa kila anapoingia na kutoka.

Hapo ndipo ukubwa wa mfuko wenyewe unapoingia, jambo ambalo matangazo hayalisemi. Chukua mfuko wa kampuni ndogo uliofanikiwa hadi ukafika dola bilioni 5. Unaona kampuni nzuri yenye thamani ya dola milioni 300. Ukinunua hata asilimia 5 ya kampuni hiyo, umetumia dola milioni 15, ambazo ni asilimia 0.3 ya mfuko. Hisa ikipanda maradufu, mwenye vipande hatahisi kitu. Meneja ana njia mbili: anunue kampuni nyingi mno, au apande ngazi kwenda kampuni za kati na kubwa huku jina la mfuko likibaki lilelile. Mfuko wa Magellan wa Fidelity ulikuwa na kama dola milioni 20 Peter Lynch alipoushika mwaka 1977. Alipoondoka mwaka 1990 ulikuwa umepita dola bilioni 12. Rekodi ya miaka yake ya mwanzo na ya mwisho ni kama rekodi za mifuko miwili. Mwaka 1997 mfuko huo ulifunga mlango kwa wateja wapya wengi, ukafunguliwa tena mwaka 2008. Kwa mfuko wa kampuni ndogo, kufunga mlango mapema ni dalili nzuri, ingawa wauzaji hawaipendi.

Mwekezaji afanyeje basi? Kabla ya faida, asome orodha ya hisa kumi za juu za mfuko. Tangu 2001 sheria ya Marekani inataka mfuko wenye jina la aina fulani ya hisa uweke walau asilimia 80 ya mali yake humo, lakini mipaka ya "ndogo" huwekwa na mfuko wenyewe katika waraka wa toleo, na si wote wanaoiweka mahali pamoja. Akishajua fungu, aulinganishe mfuko na fahirisi ya fungu hilohilo kwa miaka mitano au kumi. Meneja wa kampuni ndogo aliyeleta asilimia 30 mwaka 2003 alionekana shujaa kando ya meneja wa kampuni kubwa aliyeleta 28, kumbe alikuwa nyuma ya mizani yake kwa zaidi ya asilimia 17. Aulize pia mifuko mingapi ya kampuni hiyo imefungwa au kuunganishwa na mingine katika kipindi hicho, maana iliyokufa haimo kwenye jedwali.

Ada tunaipitia kwa haraka, kwani hesabu yake inajieleza. Dola 1,000 zikikua kwa asilimia 8 kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni 4,661. Ada ikila asilimia moja kila mwaka, ni 3,870. Mifuko ya kampuni ndogo kwa kawaida hutoza zaidi.

Hapa kwetu soko ni changa kwa mafungu hayo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, na dirisha la kampuni changa lilipata ya kwanza, Maendeleo Bank, mwaka 2013. Lakini suala la mizani lipo hata hapa. Soko letu lina fahirisi kuu mbili: ya kampuni zote, zikiwemo za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar kama KCB, na ya kampuni za ndani pekee. Bei ya Nairobi ikitikisika, ya kwanza inatikisika hata kama Dar hakuna hisa hata moja ya kampuni hizo iliyobadili mikono. Mwenye hisa za benki na viwanda vya Tanzania atumie ile ya pili. Na mwenye vipande vya Mfuko wa Umoja wa UTT, ulioanza mwaka 2005, asiupime kwa yoyote kati ya hizo peke yake, kwa kuwa sehemu ya fedha zake iko kwenye hati fungani, na riba yake inaingia hata mwaka ambao hisa zimelala.