Misaada na Umaskini: Maswali Matatu Kabla ya Kupiga Makofi

Kwenye semina zetu za maendeleo, mjadala wa misaada ya nje huwa unaisha vilevile. Mmoja anasimama, anatupa methali ya mtegemea cha nduguye, anapigiwa makofi. Mwingine anauliza: haya, ikikatwa, dawa nani atanunua? Naye anapigiwa makofi. Tunatoka, hatujajifunza kitu. Kwangu mimi swali la msingi ni hili: mpango ulipopangwa, nani alikuwa mezani? Tuangalie mifano miwili.

Kiwanda cha Kalokol

Mwaka 1981 Norway ilikamilisha kiwanda cha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Kenya. Kwenye karatasi hoja ilikuwa safi: ukame unaua mifugo, ziwa lina samaki, basi wagandishe minofu wauze mbali. Lakini kugandisha samaki kwenye joto lile kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na pale vyote ni adimu. Gharama ikameza faida, kiwanda kikasimama baada ya muda mfupi. Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua, nayo ikakauka miaka hiyohiyo ya 1980. Na tusisahau, kwa Mturkana utajiri ni mifugo.

Hapa hatuhitaji kumtafuta fisadi ili tueleze mradi ulivyokufa. Nia njema ilitosha, kwa kuwa suluhisho lilitangulia kabla ya swali.

Tanzania na wafadhili, 1994

Mwaka 1994 Tanzania na wafadhili walikuwa hawaelewani kabisa. Wao walilalamikia kodi isiyokusanywa na rushwa. Serikali ililalamikia kuingiliwa. Denmark, kwa kukubaliana na serikali yetu, ikaunda jopo la wataalamu watano chini ya Gerald Helleiner. Ndani yake walikuwemo Watanzania wawili, Ibrahim Lipumba na Benno Ndulu, wachumi waliowahi kufundisha Mlimani.

Ripoti yao ya 1995 ilikosoa pande zote mbili. Serikali iliambiwa ishike usukani wa mipango yake. Wafadhili waliambiwa waache kuendesha nchi kwa mlango wa nyuma, kila mmoja na mradi wake na masharti yake. Baadaye pande hizo zilikubaliana hatua za kuchukua, na utekelezaji ukawa unakaguliwa na watu wa nje ya pande zote mbili. Azimio la Paris la 2005 lilipoweka umiliki wa nchi inayopokea kuwa kanuni ya kwanza, kwetu wazo hilo lilikuwa na miaka kumi tayari.

Maswali yenyewe

Kwanza, nani alilitaja tatizo: wanaoishi nalo au aliyekuja na fedha? Pili, mfadhili akiondoka, nani atalipa mafuta, vipuri na mishahara? Tatu, mradi ukiharibika, mwanakijiji anamhoji nani? Afisa wa mradi anawajibika kwa aliyemtuma. Diwani angalau anarudi kuomba kura.

Swali la pili siyo la mtihani tu. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake mingi, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Wapo kaka na dada zetu waliomaliza hapa wakaajiriwa kwenye miradi, leo wako nyumbani. Mgonjwa aliyekuwa akitegemea kliniki ya mradi ana hali ngumu zaidi yao.

Sisemi misaada ikataliwe. Chanjo na dawa za kufubaza virusi zimeokoa watu wengi mno, na anayebisha akawaulize wauguzi. Ninachosema ni kwamba fedha ya nje isaidie mpango ambao una mwenyewe, na siku ya kuondoka kwake ijulikane tangu siku ya kwanza.

Wengi wetu tutaajiriwa kuandika maandiko ya miradi. Kabla hujajaza jedwali la bajeti, nenda kijijini ukae, usikilize. Ukikuta wanataka kisima na wewe umebeba andiko la kiwanda, rudi ukaandike upya.