Kushoto au Kulia? Somo la Kuchagua Dirisha la Ndege

Najua wengine mtacheka: "Sisi watu wa Langoni, safari zetu ni mashua na basi la Mokowe, ndege ya nini?" Lakini uwanja uko papo hapo Manda, ng'ambo ya mkondo tu, na siku yako yaweza kufika. Yangu ilifika Desemba iliyopita, nami nilipanda bila elimu.

Nilikuwa nikimpeleka Bibi Mombasa kutolewa mtoto wa jicho. Ilikuwa asubuhi, na ndege yenyewe ni ndogo, ukae utakapo. Nikamkalisha dirishani upande wa kushoto, nikidhani nimemchagulia pazuri. Kumbe! Ilikuwa bahari tupu, na jua likamchoma macho yake mgonjwa hata akajifunika buibui mpaka tukatua. Wenzetu wa kulia wakawa wanaonyeshana Malindi. Niliona haya.

Tulikaa Mombasa wiki moja. Nikaazima atlasi na rula, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza ni NJIA. Weka rula kutoka Mombasa hadi Manda. Utaona mstari wapita juu ya maji, si mbali na pwani. Sasa jifanye rubani, uelekeze uso unakokwenda. Ukienda Mombasa, bara iko mkono wa kulia. Ukirudi Lamu, iko kushoto. Na bara ndiko kwenye vya kutazama: Malindi, mlango wa mto Sabaki unaomwaga tope baharini, na Kipini unapoishia mto Tana. Vivyo hivyo, atokaye Nairobi kwenda Mombasa na akae kulia, maana huko ndiko uliko Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, mawingu yakikubali.

Pili ni JUA. Pwani yetu imeelekea mashariki. Asubuhi jua huwa upande wa bahari, basi aliyekaa upande wa bara hulipa mgongo na kuona kila kitu kwa rangi yake. Alasiri mambo hugeuka.

Tatu ni UPEPO. Ndege hutua ikiukabili upepo, na hapa sisi tuna bahati, kwani pepo twazijua tangu utotoni. Wakati wa kusi, kwa kawaida hutua Manda ikielekea kusini, na mji wetu huwa kulia. Wakati wa kaskazi huelekea kaskazini, na mji huwa kushoto. Hata hivyo rubani ndiye nahodha. Akiamua kuzunguka, hatuna la kusema.

Aidha, usisahau bawa. Ndege ndogo kama Cessna Caravan bawa lake liko juu ya madirisha, halizuii kitu. Lakini ndege nyingi kubwa bawa liko chini, basi omba kiti cha mbele yake au nyuma yake kabisa.

Siku ya kurudi ilikuwa asubuhi tena, na kaskazi yavuma. Njia, jua na upepo, vyote vitatu vikasema kushoto. Nikamkalisha Bibi dirishani, jicho lake limeshafunguliwa. Njia nzima hakusema neno. Tulipokaribia kutua akanishika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu, Amu ndiyo hii? Mbona ndogo hivi?"

Machozi yakamtoka. Nikambembeleza asilifikiche jicho, daktari amekataza.

Ndugu wasomaji, elimu ya ramani tunayoisoma darasani si ya mtihani peke yake. Elimu ni taa, nami nimeiona ikiwaka.

ZOEZI: Unatoka Manda alasiri ya mwezi wa Agosti, unakwenda Mombasa. Utakaa upande gani, na kwa nini? Angalieni: njia na jua hapa hazipatani! Mwenye jibu anione wakati wa mapumziko.