Kufundisha Pembe kwa Bakuli la Vipande

Katika ufundi wa kukereza mbao upo mtindo ambao bakuli halichongwi katika gogo moja, bali hujengwa. Fundi hukata vipande vyenye umbo la trapeza, huviunganisha kwa gundi viwe pete, hupandanisha pete juu ya pete, ndipo huikereza kazi hiyo mpaka iwe laini. Vipande vyeusi vikipangwa miongoni mwa vyeupe, bakuli hupata mapambo. Siku hizi mafundi wengi husanifu kwa programu ya kompyuta: hutaja kipenyo na idadi ya vipande, nayo hutoa pembe, urefu na picha ya bakuli zima.

Mwalimu wa hisabati anaweza kupata somo zuri humo, ila hapana budi aangalie aanzie wapi. Nilipata kuhudhuria somo la mazoezi ambamo mwalimu mwanafunzi alianza na kompyuta. Picha zilipendeza mno. Kisha akauliza: “Pete ya chini ni ndogo kuliko ya juu, je, pembe ya kukatia nayo itakuwa ndogo?” Karibu darasa zima likajibu, “Ndiyo, mwalimu.” Jibu sahihi lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta mbele ya macho yao, wala hawakuliona.

Kwa hiyo anza na maboksi, bikari, rula na kipimapembe. Kila mtoto achore, kwa kitovu kimoja, duara za vipenyo vya sentimita 20, 16 na 12, kisha agawe nyuzi 360 kwa 12. Kila kipande kina nyuzi 30. Na kwa kuwa kina ncha mbili, kila ncha hukatwa ikiwa imeinama nyuzi 15 kutoka pembemraba. Mistari itokayo kitovuni hupita duara zote tatu bila kubadili pembe. Kinachobadilika ni urefu tu: upande wa nje, ambao hugusa duara kwa nje, una takriban sentimita 5.4, 4.3 na 3.2. Usiwaambie, waache wapime. (Atakayegawa mzingo wa duara kubwa kwa 12 atapata 5.2. Hesabu yake si mbovu, lakini bakuli lake litapungua nusu sentimita hivi.)

Kundi moja likate kwa nyuzi 14 badala ya 15. Vipande 12 vina mikato 24. Kosa la nyuzi 1 katika kila mkato litaacha pengo la nyuzi 24, karibu nafasi ya kipande kizima. Sijaona maelezo ya mdomo yanayofundisha usahihi kuliko pengo hilo.

Sasa waingie katika kulinganisha pete. Pete ya vipande 12 ikiwekwa juu ya pete ya vipande 10, viungo vyake vitakutana mahali pawili tu, maana kigawe kidogo cha shirika cha 30 na 36 ni 180. Ikiwekwa juu ya pete ya vipande 24, kila kiungo chake kitapata mwenzake. Vigawe, ambavyo watoto huvikariri bila kujua matumizi yake, hapa vina kazi.

Mapambo yapangwe kwenye karatasi ya miraba: kila safu ni pete, na kila mraba ni nusu ya kipande, yaani miraba 24 kwa safu. Katika kila vipande vitatu, kimoja kitiwe rangi nyeusi. Safu zote zikianzia mahali pamoja, zitatokea nguzo. Kila safu ikisogezwa mraba mmoja kulia, utatokea mstari unaozunguka bakuli kwa mshazari. Ikisogezwa kulia kisha kushoto, viungo vitapishana kama matofali ukutani. Waulize: katika mpango ule wa mshazari, ni pete ya ngapi itakayofanana na ya kwanza? Waandike makisio yao daftarini. Hapo ndipo kompyuta ifunguliwe, kama ipo. Kama haipo, wahesabu miraba mpaka wafike pete ya saba.