SOMO: KUREJEA KWA SAMAKI WA MTO ELWHA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapenzi, Suratur-Rum aya ya 41 inatufundisha kuhusu ufisadi wa bara na baharini unaotokana na mikono ya watu. Zingatieni kuwa aya hiyo haikuishia kwenye ufisadi, bali imefunga kwa kutaja kurejea. Leo tutazame mfano mmoja.

Samaki aina ya salmoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kwao kutaga mayai kwenye changarawe. Maji baridi hupita kati ya vijiwe na kuyapa mayai hewa. Tope likijaa, mayai hufa.

Mto Elwha, katika jimbo la Washington, Marekani, ulizibwa kwa bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1913, kilomita 8 tu kutoka baharini. Bwawa la pili lilikamilika mwaka 1927. Sheria ya jimbo ilitaka samaki waachiwe njia, lakini hawakuachiwa. Badala yake kilijengwa kituo cha kutotolesha samaki, nacho kikaachwa mwaka 1922. Waliodhulumika ni wenyeji wa kabila la Lower Elwha Klallam, ambao samaki hao ndio waliokuwa chakula chao.

Marekebisho yake yanatukumbusha masharti ya toba:

1. Kuazimia. Mwaka 1992 ilipitishwa sheria ya kuurejesha mto.
2. Kuacha kosa. Mabawa yote mawili yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Miti ikapandwa, na magogo yakawekwa mtoni ili samaki wapate vidimbwi vya kujificha.
3. Kurejesha haki ya mja. Uvuvi ulisimamishwa ili samaki waongezeke. Wenyeji wakasubiri, na mwaka 2023 wakavua tena.

Basi ulimi unaosema astaghfirullah huku mkono unatupa taka mtoni ni mfano wa kile kituo cha samaki: ukuta bado umesimama, na njia haijafunguka.

ZOEZI
(a) Kwa nini tope huua mayai ya salmoni?
(b) Taja masharti ya toba. Lipi linahusu haki za watu?
(c) Taja uharibifu mmoja wa maji mtaani kwenu na chanzo chake cha kuondolewa.

Wabillahi tawfiq.