SOMO: MAJI YALIYOTUAMA NA VIUMBE WAISHIO NDANI YAKE

 

Katika darasa zetu za fiqhi tumefika mlango wa maji, nao ndio mlango wa kwanza katika vitabu vya madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Wengi wetu tuliusoma tungali watoto, tukahifadhi aina saba za maji: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe; kisha tukafungua ukurasa wa pili. Mtu wa mjini afunguapo mfereji kwa kutawadha hajiulizi maji yale yamelala wapi jana, wala yamepita kwa nani kabla ya kumfikia yeye. Basi tumeona yafaa tusimame kidogo hapa.

Kisiwa chetu hakina mto. Maji yatujia kutoka mbali: Marere katika milima ya Shimba, Baricho ukingoni mwa mto Sabaki, visima vya Tiwi upande wa kusini, na chemchemi ya Mzima huko Tsavo, ambayo bomba lake lililetwa hadi Mombasa katika miaka ya 1950. Kila mahali hapo pana wenyeji waliotutangulia. Mzima ni makao ya viboko, mamba na samaki. Maji yake asili yake ni mvua inyeshayo juu ya milima ya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkano, kisha ikatokea chini ikiwa safi hata mtu humwona samaki akipita. Katika vinamasi vya Shimba yuko chura mdogo wa matetini asiyejulikana kuishi popote ila milima hiyo na pambizo zake, na katika nyasi za huko huko wako palahala, ambao Kenya nzima hawapatikani kwengineko.

Hawa si wageni katika maji yetu, bali sisi ndio tuliowafuata. Mwenyezi Mungu ametuarifu katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umati kama sisi tulivyo umati. Na katika Sura ya Ash-Shu'araa, aya ya 155, twasoma habari za ngamia wa Nabii Saleh, kwamba alikuwa na zamu yake ya kunywa na watu walikuwa na zamu yao, kila mmoja kwa siku yake ijulikanayo. Twamwomba msomaji aizingatie habari hii. Watu wa Thamudi tumezowea kuwataja kwa kumchinja ngamia, na ni kweli. Lakini kabla ya kuchinjwa palikuwa na haki ya mnyama katika maji, haki iliyowekwa na Mola mwenyewe, nao wakaona ni nyingi mno kwake.

Sasa tuje karibu na nyumbani, upande wa Kisauni. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kwa miaka mingi kilichimba mawe ya matumbawe mpaka kikakaribia usawa wa maji ya chini. Kilichobaki nyuma kilikuwa ni shimo jeupe, halina udongo, jua lalichoma, na chini yake maji ya chumvichumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyetoka Uswisi, alianza kazi ya kupahuisha mahali pale. Alijaribu aina 26 za miti, zikasalimika 3 tu, na mmoja wao ni mvinje, mti ambao mizizi yake yakaa na vijidudu vinavyoupatia chakula kutoka katika hewa, kwa hiyo huvumilia ardhi isiyo na rutuba.

Mivinje ikamea, lakini majani yake makavu yakawa yaanguka na kulala juu ya jiwe pasina kuoza. Lililotatua jambo hili halikuwa mashine wala dawa ya dukani. Walikuwa ni majongoo, wale wenye miguu myekundu ambao watoto wetu huwachokoa kwa vijiti njiani. Waliachiliwa pale, wakala majani, na kinyesi chao kikawa samadi, na samadi ikawa udongo, na katika udongo ikamea miti mingine. Yakafanywa na madimbwi, yakatiwa samaki. Ndege wa majini wakaja wenyewe bila ya kuitwa. Wakaletwa mamba na viboko. Leo mahali hapo paitwa Haller Park, na watoto wa skuli hupelekwa kwenda kutazama. Mwaka 2004, mwezi wa Disemba, mtoto wa kiboko aliyetenganishwa na wenziwe kwa mafuriko ya mto Sabaki aliokolewa baharini Malindi, siku moja baada ya mawimbi makubwa ya tsunami, akaletwa hapo, akamfuata kobe mzee wa asili ya Aldabra kana kwamba ndiye mamaye. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Sabaki hiyo ndiyo hiyo itupayo maji ya Baricho. Basi kiboko yule alikuwa jirani yetu wa mto mmoja.

Katika fiqhi uko mlango uitwao ihyaul-mawat, yaani kuhuisha ardhi iliyokufa. Hatusemi kwamba hukumu ya umiliki ya mlango huo yaingia hapa, kwani ardhi ile ina mwenyewe. Wala hatusahau kwamba shimo lile lilichimbwa na kiwanda kile kile. Tusemalo ni kuhusu maana ya kuhuisha. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas hadithi ya kwamba Muislamu apandapo mti, kisha ndege au mtu au mnyama akala katika mti huo, huandikiwa sadaka. Hadithi hii twaisoma misikitini mwaka hata mwaka. Aliyepanda katika lile shimo ni mgeni aliyevuka bahari, nasi wenye hadithi twakaa mwendo mfupi kutoka hapo, na vibonde vyetu vya maji twavitupia taka.

Yaweza kuulizwa: maji ya dimbwi kama hayo, yenye ladha ya chumvi na rangi ya kijani, je, yafaa kutawadha? Jawabu ni kwamba yafaa. Wanavyuoni wetu wamesema kuwa maji yakibadilika kwa kukaa sana, au kwa ukoga umeao ndani yake, au kwa kitu kilicho katika ardhi yake kama chumvi, hubaki katika utwahara wake na hutwahirisha. Na maji yakifika kula mbili, ambazo ni takriban lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Ama yakiwa chini ya kula mbili hunajisika kwa kuingiwa tu, ijapokuwa hayakubadilika.

Lakini asidhani mtu kwamba wingi wa maji ni ruhusa ya kuyachafua. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwa Abu Daud imekuja kwamba kujisaidia katika mapitio ya maji, na njiani, na vivulini, ni katika mambo yaletayo laana. Sasa natuitazame hali yetu ya Kisauni na Likoni na Changamwe. Mawe ya matumbawe yamejaa vitundu. Kilichomo katika choo cha shimo hupenya kikafika katika kisima cha jirani, na kisima hicho huenda kikawa hakikubadilika rangi wala harufu, na ugonjwa umo ndani. Wa kale waliyapima maji kwa macho, pua na ulimi; sisi tumepewa na ilimu ya kuona visivyoonekana kwa macho, na sharia yakataza madhara kwa njia yoyote yatakayojulikana. Mwenye kuchimba choo karibu na kisima cha mwenziwe, naye ajua, hana udhuru mbele ya Mungu kwa kusema kwamba maji yangali meupe.

Wako wasemao kwamba dimbwi lazaa mbu, kwa hiyo bora lifukiwe. Maneno haya yana ukweli nusu. Mbu hutaga katika maji yaliyotuama, lakini dimbwi lenye uhai lina samaki na kereng'ende walao viluwiluwi vya mbu. Kopo lililotupwa nyuma ya nyumba na gurudumu bovu lililojaa mvua havina samaki. Na bonde likifukiwa kwa taka, kisha pakajengwa, maji ya masika hayapotei, bali huingia majumbani.

Na wengine huliogopa dimbwi lenye kiza wakasema lina wenyewe, wakapeleka ubani na chakula. Hiyo ni shirki, na hatutarefusha hapa, kwani tumekwisha kuizungumza mara nyingi.

Limebaki suala la chura, tuliloulizwa na vijana wawili. Abu Daud amepokea kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kumtia chura katika dawa, akamkataza kumuua. Kutokana na hadithi hii wanavyuoni wetu wamesema kuwa chura haliwi. Wala mamba haliwi, kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu. Samaki wa dimbwi ni halali, hata akiokotwa amekufa. Basi akija mganga akitaka chura kwa dawa yake, asipewe, na watoto wawapigao vyura mawe wakati wa mvua wakatazwe.

Hukumu ya kisima kilichofiwa na mnyama, na namna ya kukitwahirisha, tutaieleza katika darasa ijayo inshaallah. Wallahu aalam.