Bonyeza Tena, Haijakubali

Nasajili laini chini ya mwamvuli hapa soko la Majengo, Dodoma. Akija mtu mzima asiyejua kusoma, nilikuwa namwambia alama ya kidole haijakubali, abonyeze tena. Laini ya pili inayosajiliwa hapo kwa jina lake nilikuwa namuuzia kijana mmoja. Juzi nimejua anazitumia kwa zile meseji za "hela itume kwenye namba hii". Mimi sijamwibia mtu. Kosa si la mtandao unaoruhusu hayo?
Msajili laini, Dodoma

Mwanangu, mtandao haukumwambia bibi wa watu abonyeze tena. Ulimwambia wewe, na ulimchagua kwa sababu hajui kusoma.

Usajili wa alama za vidole ulianza 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa, ili kila namba iwe na mwenyewe. Sasa chukulia mkulima wa Kibaigwa ametuma hela ya mahindi kwa tapeli. Anaripoti polisi, namba inafuatiliwa, linatokea jina la bibi wa Bahi ambaye hata meseji hajawahi kuandika. Kijana wako kaiba hela. Wewe umeiba jina la mtu, na ndilo litakaloitwa kituoni.

Hoja moja nakupa: kampuni inayokulipa kamisheni kwa laini, bila mshahara, inajua njaa hufanya nini, nayo ina lawama yake. Yako haipungui. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haimgusi tapeli peke yake. Anayemsaidia naye yumo, na ile "sikujua" yako imekwisha tangu juzi.

Usimuuzie tena hata moja. Kabla ya kwenda polisi, muone wakili; huna hela, tafuta watoa msaada wa kisheria, wapo kwa ajili ya wasio na uwezo. Kisha watafute wateja wale unaowakumbuka. Wapige *106#, waangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yao ya NIDA. Haihitaji intaneti, hata kitochi kinatosha. Laini wasiyoitambua waende dukani kwa kampuni wakaikane. Meseji za kitapeli zitumwe 15040.

Utasema ukiwatafuta utajifichua. Ndiyo, utajifichua. Bibi akikuuliza umejuaje kwamba kuna laini nyingine kwa jina lake, mjibu ukweli papo hapo, hata kama wajukuu zake wamekaa pembeni wanasikiliza.