Dondoo muhimu: Kuchora mwendo wa mwili ukiwa Doha

Jioni ya siku ya mapumziko, nenda sokoni Souq Waqif na daftari la bei nafuu na kalamu ya wino. Penseli iache nyumbani, maana ukiwa na kifutio utashinda ukifuta.

Mtazame hamali anayesukuma toroli. Kabla hujagusa karatasi, jiulize: uzito wake ameuegemeza kwenye mguu gani? Kisha vuta mstari mmoja mrefu kutoka kisogoni, upite uti wa mgongo, ushuke hadi kisigino cha mguu unaosukuma. Huo ndio moyo wa mchoro. Mabega na nyonga ni vistari viwili vya mshazari; mikono huja mwisho. Jipe sekunde 30. Akishapita, fungua ukurasa mpya, usirekebishe.

Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa uchoraji ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, alisisitiza kuchora kile mtu anachofanya kuliko anavyoonekana.

Sura usiichore, mwendo hauihitaji, na si kila mtu anapenda kuchorwa. Akikuona, msalimie, mwoneshe daftari.

Joto la Julai likizidi, ingia metro uwachore abiria waliosimama. Anza na michoro 20 kila unapotoka.